Asilimia 15 Hiyo Inatoka kwa Nani?

Swali: Mimi ni mhadhiri, na mwaka huu wenzangu wamenichagua niwawakilishe kwenye kamati ya fedha ya baraza la chuo. Menejimenti imeleta waraka unaopendekeza usafi, ulinzi, upishi wa mabwenini na matengenezo ya majengo vikabidhiwe kampuni za nje kwa mkataba wa miaka mitano. Waraka unasema chuo kitaokoa asilimia 15 ya gharama za sasa na kubaki na kazi yake ya kufundisha na kutafiti. Sijawahi kushughulika na zabuni maishani mwangu. Niunge mkono au nipinge? Na niulize nini kabla ya kura?

Jibu: Ndugu mjumbe, nashukuru umeuliza mapema. Wengi huniandikia mkataba ukiwa umeshatiwa saini, na hapo kinachobaki ni kusoma kifungu cha kuuvunja na kuhesabu fidia.

Usiingie kikaoni ukiwa mpinzani wa kila mkandarasi. Hakuna chuo kisichonunua huduma fulani kutoka nje, na hakuna ubaya. Fundi wa lifti, mtaalamu wa kuteketeza kemikali zilizoisha muda maabara, mkaguzi wa mitungi ya gesi: hao wana leseni, vifaa na ujuzi ambao chuo kikiwaajiri kitawalipa mwaka mzima kwa kazi ya siku chache. Ukiwapinga hata hao, watakumaliza kwa dakika tano. Ingia na swali moja, na usikubali lijibiwe kwa maneno matupu. Lijibiwe kwa tarakimu. Asilimia 15 hiyo inatoka kwa nani?

Akiba ya namna hii ina njia tatu tu za kupatikana. Mkandarasi anaweza kufanya kazi ileile kwa ufanisi zaidi. Anaweza kuwalipa watu kidogo zaidi. Au anaweza kufanya kazi pungufu. Njia ya kwanza ipo, sikatai, na kwenye huduma zinazotegemea mitambo inaweza kuwa kubwa. Lakini usafi na ulinzi ni kazi za mikono, miguu na macho. Kabla sijaanza kushauri vyuo nilifanya kazi kwenye kampuni ya usafi, nikiandaa bei za zabuni. Sabuni na mopu ziliwagharimu washindani wetu karibu sawa na sisi. Tukitaka bei ishuke ili tushinde, palikuwa na mahali pamoja pa kushukia, na kila mtu mezani alipajua.

Chukua hesabu hii ya mfano. Nimeweka tarakimu nyepesi ili uweze kuirudia mbele ya kamati bila karatasi. Usafi ukifanywa na waajiriwa wa chuo unagharimu 100: mishahara na stahiki 85, vifaa na dawa 15. Mkandarasi analeta bei ya 85. Humo ndani, faida yake na gharama za ofisi yake kuu tuseme ni 12. Vifaa, kwa kuwa ananunua kwa jumla, ni 13. Kilichobaki cha kuwalipa watu ni 60. Fungu la wafanyakazi limeshuka kutoka 85 hadi 60, ilhali sakafu ni zilezile, vyoo ni vilevile na wanafunzi ni walewale. Hakuna mashine ya kusugulia sakafu inayoziba pengo la 25. Ama watu watapungua, ama malipo yatapungua, na mara nyingi hutokea yote mawili.

Sasa geukia upande wa chuo. Ile 85 kwenye waraka huwa mara nyingi ni bei kabla ya kodi ya ongezeko la thamani, yaani VAT. Katika nchi nyingi elimu imesamehewa kodi hiyo, na watu hudhani msamaha huo ni unafuu mtupu. Kumbe una upande wa pili: chuo kisichotoza VAT kwenye ada hakirudishiwi VAT kinayolipa kwenye manunuzi. Mshahara wa mwajiriwa hauna VAT. Ankara ya mkandarasi inayo. Kiwango kikiwa asilimia 15, ile 85 inakuwa karibu 98. Ongeza watumishi wa chuo watakaosimamia mkataba, kukagua kazi na kuhakiki ankara, tuseme 4. Umeshavuka 100, na bado hujawalipa fidia na kiinua mgongo wale unaowaachisha.

Sisemi kila pendekezo litaishia hapo. Nasema nimeona mapendekezo mengi yakilinganisha gharama zote za ndani na sehemu tu ya gharama za nje. Ndiyo maana hesabu lazima ipigwe na mtu asiyenufaika na jibu. Mwaka 2017 jimbo la Tennessee, Marekani, lilikuwa na mkataba na kampuni kubwa ya kusimamia majengo, na vyuo vyake vya umma viliachiwa hiari ya kujiunga. Chuo Kikuu cha Tennessee, kampasi ya Knoxville, kilichambua chenyewe kisha kikakataa. Kampasi nyingine za chuo hicho zikakataa pia. Mkataba ulikuwa tayari umeandikwa, mkandarasi yupo, jimbo linatamani. Bado kilichowaamua ni hesabu yao wenyewe.

Kwa mfanyakazi, pengo lile la 25 lina sura. Mwanzoni mwa miaka ya 2010, wafanya usafi wa Chuo Kikuu cha London, wengi wao wahamiaji kutoka Amerika ya Kilatini, walianzisha kampeni waliyoiita 3 Cosas, maneno ya Kihispania yenye maana ya vitu vitatu. Vitu vyenyewe vilikuwa malipo ya siku za ugonjwa, likizo na pensheni. Walifanya kazi jengo moja na watu walioajiriwa na chuo moja kwa moja, na kwa vitu hivyo vitatu walikuwa wameachwa mbali. Tazama vizuri mahali hapo, kwa sababu waraka wenu pengine utajitetea kwamba mkandarasi atalipa kima cha chini cha sheria. Atalipa. Akiba haichimbwi kwenye mshahara peke yake. Inachimbwa kwenye siku mtu anapougua, anapojifungua, anapozeeka, na kwenye punguzo la ada ambalo mtoto wake angelipata kama mzazi angekuwa mtumishi wa chuo.

Jambo hilo la punguzo la ada lilikuwa zito sana Afrika Kusini. Chuo Kikuu cha Cape Town kilikabidhi huduma zake za msaada kwa kampuni za nje mwaka 1999. Mwaka uliofuata Chuo Kikuu cha Witwatersrand kilifanya vivyo hivyo na kuachisha kazi watu zaidi ya 600. Yalikuwa maamuzi ya vikao kama chenu, yenye lugha kama ya waraka wenu. Oktoba 2015, wanafunzi waliposimama kupinga kupanda kwa ada, madai ya wafagizi, wapishi na walinzi yalibebwa pamoja na yao. Mwezi huohuo Cape Town ikasaini makubaliano na chama cha wafanyakazi ya kuwarudisha watu hao kwenye ajira ya chuo, na Witwatersrand ikakubali muda mfupi baadaye. Miaka kumi na sita ilikuwa imepita. Walioanza kazi wakiwa vijana chini ya wakandarasi walikuwa wameshakuwa watu wa makamo, na miaka ile ya pensheni haikurudi.

Nimekaa sana kwenye fedha kwa kuwa wewe uko kwenye kamati ya fedha. Lakini kuna suala la pili, nalo ndilo huumiza vyuo polepole. Mkataba hununua kile tu kilichoandikwa.

Mchumi Oliver Hart, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2016 pamoja na Bengt Holmström, aliandika mwaka 1997 na wenzake wawili kuhusu magereza yanayoendeshwa na kampuni binafsi. Hoja yao inaingia chuoni bila kubadilishwa. Mkandarasi akibakiza pesa kwa kupunguza gharama, pesa hiyo ni yake. Ubora ukishuka mahali ambapo mkataba haukugusa, hasara si yake. Kwa hiyo pale ambapo ubora unaandikika na kupimika, mkandarasi anaweza kuwa bora kuliko mwajiriwa. Pale ambapo ubora hauandikiki, mwajiri anayetaka kulala usingizi abaki na watu wake. Naye Holmström alikuwa ameshaonyesha kwamba ukimlipa mtu kwa kile unachokipima, ataacha kile usichokipima, na hilo halimfanyi kuwa mtu mbaya.

Nipe nafasi nikueleze nilichokiona. Chuo kimoja kiliandika kwenye hadidu za rejea kwamba vyoo visafishwe mara nne kwa siku, na kila awamu itiwe saini kwenye karatasi iliyobandikwa nyuma ya mlango. Nilipokwenda kukagua saa tatu asubuhi, karatasi ilikuwa na saini zote nne, ikiwemo ya saa kumi alasiri. Msimamizi wa kampuni hakuona aibu: mkataba ulidai saini, naye alileta saini. Yule mama aliyesaini alikuwa na ghorofa tano za kushughulikia peke yake. Ningekuwa yeye, ningesaini vilevile.

Kwenye ulinzi niliona kitu kizito zaidi. Chuo hichohicho kilikuwa na bawabu wa bweni la wasichana aliyelijua kila jina. Mtu akikaa siku mbili bila kushuka, yule mzee alimpigia simu mshauri wa wanafunzi. Hakuna aliyemwagiza, na haikuwa kwenye barua yake ya ajira. Mkandarasi alipoingia, walinzi walianza kuzungushwa kila baada ya miezi mitatu, kwa matakwa ya chuo chenyewe, ili wasije wakazoeana na wakazi na kupitisha wageni. Kwa karatasi, ulinzi uliimarika. Muhula uliofuata binti mmoja aliugua chumbani, na wenzake waliporudi kutoka safari ya mafunzo ndipo alipopelekwa hospitali. Mlinzi wa zamu hakukosa chochote. Hakumjua tu, na tulikuwa tumelipa ili asimjue.

Kwa sababu hiyo nakuomba jambo la kwanza la vitendo: usikubali huduma nne zipigiwe kura kama kifurushi kimoja. Hazifanani.

Matengenezo yagawe mara mbili. Lifti, majenereta, mitambo ya kupoozea hewa na mifumo ya kuzima moto viwe vya wataalamu wa nje, tena kwa mikataba yenye muda wa kuitikia wito ulioandikwa kwa saa. Bomba, umeme wa kawaida, milango na paa vibaki na kikosi cha ndani. Sababu yake haina uchumi mwingi. Majengo ya vyuo hujengwa kwa vipande, kwa miaka mingi, na michoro haifanani na kilichopo ardhini. Anayejua valvu kuu imefukiwa wapi ni fundi bomba aliyeifukua mara tatu. Akiondoka huyo, ujuzi huo unaondoka naye, kisha mtaununua tena kwa ankara za kazi za ziada.

Upishi una hesabu yake ya peke yake, na hapa uwe macho. Kwa kawaida chuo hakimlipi mkandarasi wa upishi; yeye ndiye anayekilipa chuo kodi ya jengo au asilimia ya mauzo. Kwenye vitabu vya chuo huonekana ni mapato. Lakini mkandarasi hana chanzo kingine cha pesa hiyo isipokuwa sahani ya mwanafunzi. Mwanafunzi anayekaa bwenini, mwenye nusu saa kati ya vipindi, hana pengine pa kwenda. Chuo kikidai asilimia kubwa kinatoza ada ya pili kwa mlango wa nyuma, na wanaoilipa zaidi ni wale wasio na uwezo wa kula nje. Kama kamati itaamua kwenda huko, dai bei ziwe na utaratibu wa kupanda ulioandikwa, wanafunzi wawe na kiti kwenye kamati ya jiko, na vifaa vya jikoni vibaki mali ya chuo. Majiko na friji zikiwa za mkandarasi, siku mtakayotaka kumwondoa mtagundua hamna jiko.

Hilo linanileta kwenye kurudi nyuma. Kutoa huduma nje ni kazi ya kura moja. Kuirudisha ni kazi ya miaka, kwani wasimamizi wameshaondoka, vifaa vimeuzwa na bajeti imefutwa. Wakandarasi wanajua hivyo, na ndiyo maana bei ya awamu ya kwanza huwa tamu. Na si lazima awe mtu mwenye hila. Vyuo vingi vilihamishia barua pepe na mafaili yao Google kwa kuwa nafasi ya kuhifadhi ilikuwa bure na bila kikomo. Mwaka 2021 kampuni ikatangaza kwamba kila taasisi itakuwa na terabaiti 100 za pamoja, na zaidi ya hapo ilipiwe. Vyuo vyenye data nyingi za utafiti vilianza kukimbizana kufuta na kuhamisha. Masharti yalibadilika kwa haki ya mwenye mali, na aliyekuwa ameshazima mitambo yake hakuwa na pa kusimama.

Mkandarasi anaweza pia kuanguka. Januari 2018 kampuni ya Carillion ya Uingereza, iliyokuwa na wafanyakazi wapatao 43,000 duniani na mikataba ya kuhudumia shule, hospitali na magereza, ilifilisika. Mwaka 2024 kampuni ya 2U, iliyoendesha kozi za mtandaoni kwa niaba ya vyuo vikuu vyenye majina makubwa na kugawana navyo ada, iliomba ulinzi wa mahakama ya ufilisi. Uliza kikaoni: mkandarasi akifunga ofisi siku ya Ijumaa, Jumatatu asubuhi nani anafungua mabweni? Kama hakuna aliyefikiria, hilo peke yake ni sababu ya kuahirisha kura.

Angalau wenu ni mkataba wa miaka mitano. Mwaka 2012 Chuo Kikuu cha Ohio State kilikabidhi maegesho yake ya magari kwa miaka 50, kikapokea dola milioni 483 kwa mkupuo. Ada ya maegesho sasa inaongozwa na mkataba ambao wengi wa walioupigia kura hawataishi kuuona ukiisha. Mtu yeyote akileta kwenu pendekezo la pesa ya mkupuo, jua anayenunua amepiga hesabu ya kurudisha pesa hiyo na faida juu yake, na atairudisha kutoka kwa watu wenu.

Waraka wenu una njia mbili tu: kubaki hivihivi au kwenda nje. Dai ya tatu, kuboresha ndani. Menejimenti ikilalamika kuwa watumishi wa sasa ni wazembe, inaweza kuwa kweli. Nimeona vikosi vya ndani ambavyo havikupata msimamizi wala mopu mpya kwa miaka, halafu vikahukumiwa kwa uchafu. Queen Mary, chuo kilicho mashariki mwa London, kiliamua mwaka 2006 kuwalipa wafanya usafi wake ujira wa kujikimu, kisha kikawaajiri moja kwa moja. Mwanajiografia wa hapo, Jane Wills, na wenzake wakafuatilia kilichotokea. Walikuta kazi imekuwa bora na ari ya watu imepanda, huku gharama zikiongezeka kidogo tu. Sehemu ya pesa ilipatikana kwenye kile kilichokuwa kikienda kwa mtu wa kati. Rudi kwenye ile 12 ya hesabu yetu, uone inavyoweza kutumika.

Basi kabla ya kikao mwandikie katibu wa baraza, kwa maandishi, uombe haya. Mchanganuo wa gharama za sasa kwa kila huduma, ukitenganisha mishahara, stahiki, vifaa na usimamizi. Makadirio ya bei za mkandarasi yakiwa na VAT, gharama za kusimamia mkataba na malipo ya kuachisha kazi. Idadi ya wafanyakazi inayotarajiwa katika kila jengo baada ya mabadiliko, maana hapo ndipo utakapoona kazi pungufu ikijificha. Na jina la aliyeandaa makadirio hayo, pamoja na tamko kama ana maslahi yoyote. Karatasi zisipoletwa, omba kura iahirishwe na maombi yako yaingizwe kwenye kumbukumbu za kikao. Hilo la kumbukumbu usilidharau. Wajumbe husoma kwa makini zaidi wakijua jina lao litabaki.

Kamati ikiamua kwenda nje hata hivyo, pigania vifungu vitatu. Watumishi waliopo wachukuliwe na mkandarasi bila kupunguziwa malipo wala kupoteza miaka yao ya utumishi. Malipo na stahiki vya wafanyakazi wa mkandarasi visiwe chini ya vile vya mtumishi wa chuo wa kazi hiyohiyo, na chuo kiwe na haki ya kukagua orodha ya mishahara kila mwezi kabla ya kulipa ankara. Cha tatu ni mwisho wa mkataba: vifaa, funguo, michoro, kumbukumbu za matengenezo na haki ya kuwaajiri watu walewale virudi chuoni bila malipo ya ziada. Rasimu nyingi nilizosoma hazikuwa na kifungu hicho cha tatu. Wasipokiweka, kiandike wewe mwenyewe usiku wa kuamkia kikao, ukigawe kwa wajumbe kabla mwenyekiti hajafungua ajenda.